Natafuta shoo ya Grateful Dead ya 77, ile jamaa anawaambia watu warudi nyuma

Kanda_Mbili
Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa wazee wa rock humu, najua mpo ila mnajificha. Kuna kanda binamu yangu alikuja nayo kutoka Marekani alikokuwa anasoma, Grateful Dead live, siyo ya dukani, juu imeandikwa kwa kalamu "77" basi, hakuna tarehe hakuna mji. Unasikia kabisa watu wako karibu na maiki, wanashangilia, wanaongea. Kipande kilichonikaa kichwani ni pale mmoja wa bendi anawaambia watu warudi nyuma hatua moja, haya tena hatua moja, utadhani konda wa daladala, halafu wanaanza kupiga wimbo unaingia kwenye mwingine bila kusimama, gitaa linazunguka weee mpaka unasahau ulichokuwa unafanya. Kanda haipo tena. Nimeingia kutafuta mtandaoni nimekuta live zao za 77 ni lundo kichwa kikauma. Ni ipi hiyo? Na naipataje yenyewe, yenye makelele, maana zile zilizosafishwa nimesikiliza mbili tatu naona kama kitu kimeondoka.

FundiMixa
Mkuu hiyo nakwambia Cornell hata kabla sijamaliza kusoma. 8 Mei 1977, Barton Hall, chuo kikuu cha Cornell, mji wa Ithaca jimbo la New York. Anayeongea ni Bob Weir wa gitaa la ridhimu, watu wa mbele walikuwa wanabanwa akaugeuza kama mchezo, mwanzoni mwa seti ya pili. Baada ya hapo ndo inakuja "Scarlet Begonias" na inayeyukia kwenye "Fire on the Mountain", zote mbili pamoja zaidi ya dakika 25. Hiyo Fire ilikuwa bado mpya, walianza kuipiga jukwaani Machi mwaka huohuo, ndo maana inasikika kama watu wanaogundua kitu mbele yako. Ila angalizo, maneno ya rudini nyuma waliyatumia na kwenye shoo zingine pia, kwa hiyo usishike hilo peke yake, angalia kama baada yake zinafuata hizo mbili.

Shabiki wa Dar
Si ilishatolewa rasmi 2017? Nunua mkuu maisha yaendelee.

FundiMixa
Mkuu soma swali basi, kasema hataki iliyosafishwa. Na hapa ndo penye utamu wenyewe ngoja nieleze kidogo.

Ya Cornell inazunguka katika sura mbili kubwa. Ya kwanza imetoka kwenye mixa, yaani ile meza ya kuchanganyia sauti za ala, alirekodi Betty Cantor-Jackson aliyekuwa fundi wao wa sauti, huyu mama alikuwa na sikio si mchezo. Mikanda yake ya miaka ile alikuja kuiweka stoo ya kukodi, kodi ikamshinda, 1986 vitu vikapigwa mnada, walionunua ndo wakaanza kunakilisha na ikasambaa dunia nzima. Mashabiki wanaiita Betty Boards. Kilichotoka 2017 ni hiyohiyo mikanda baada ya kurudi kwa wenyewe, wakairekebisha mpaka spidi maana mkanda wa zamani huwa unayumba, sauti inapanda inashuka kidogo bila wewe kujua kwa nini wimbo unakukera. Kwa kusikia ala moja moja hakuna inayoigusa, besi ya Phil Lesh unaweza kuihesabu noti kwa noti. Lakini watu ukumbini wanasikika kwa mbali sana.

Ya pili ndo yako kwa maelezo yako, za mashabiki walioingia na mashine zao wakasimamisha maiki katikati ya watu. Pale unapata ukumbi wenyewe. Barton Hall ni jengo la mazoezi, kubwa la mawe na chuma, sauti inagonga juu inarudi, sasa kwenye mixa hiyo huipati. Na walioshika maiki hawakuwa mmoja, kwa hiyo hata za watazamaji zinatofautiana, mwingine alisimama pazuri mwingine alizungukwa na wapiga stori.

Pa kuipata: nenda archive.org, kuna sehemu ya muziki wa live, ingia Grateful Dead, andika 1977-05-08. Zitakuja nyingi za shoo hiyohiyo moja. Zilizotoka kwenye mixa unasikiliza hapohapo tu, kushusha walifunga tangu 2005, ila za watazamaji unashusha bure. Kila moja ina maelezo chini, mashine gani, maiki gani, imepita mikono mingapi. Soma hayo maelezo kabla ya kumaliza bando lako, maana FLAC (faili la sauti lisilopunguzwa ubora) ya shoo nzima inakaribia GB moja.

mama_vinyl
Naongezea kwa Kanda_Mbili. Kama kanda ya binamu yako ilikuwa ya dakika 90 basi upande mmoja ni 45, lazima kuna wimbo ulikatika katikati ukageuza. Kumbuka ulikatika wapi. Tulivyokuwa tunabadilishana kaseti enzi hizo kila nakala ilikuwa inaongeza ule mvumo wa shhhh, ukipata nakala ya sita hivi gitaa linasikika linatoka chini ya blanketi, na bado tulikuwa tunaipenda hivyohivyo. Unaweza kukuta unayoitafuta wewe ni mvumo wa ile nakala yenu na huo hautaupata popote hata kwa dawa.

Shabiki wa Dar
Sasa samahani wakuu, huu si wizi lakini? Mtu anaingia na mashine anarekodi kazi ya watu halafu inagawiwa bure.

mama_vinyl
Kwa bendi nyingi ndiyo, ungetolewa nje na mashine yako juu. Hawa waliruhusu wenyewe. Sharti lilikuwa moja, usiuze. Unatuma kaseti tupu na hela ya stempu, mwenzako anakurudishia imejaa. 1984 wakafika hatua ya kuwatengea warekodi eneo lao nyuma ya mixa, wanakatiwa tiketi za peke yao, ukitazama picha ni msitu wa maiki. Kuna bendi ingefanya hivyo hapa kwetu zile dansi za miaka ya 70 tungekuwa nazo ukumbini kabisa, siyo zile tu zilizobaki kwenye mikanda ya RTD. Hilo huwa linaniuma, shoo ngapi zimepotea.

Msee wa Ngong Rd
Niaje wadau. Mimi nitasema kitu na mtanitukana lakini ni sawa. Cornell imesifiwa kupita kiasi. Iko poa, sikatai, hata Maktaba ya Bunge la Marekani waliiweka kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa, lakini imekuwa kubwa kwa sababu ile kopi ya mixa ilikuwa safi na kila mtu alikuwa nayo. Wangapi wamesikiza Buffalo ya kesho yake, tarehe 9? Wanafungua na "Help on the Way" inaingia "Slipknot!" inaingia "Franklin's Tower", shoo inaanza ikiwa tayari imechemka. Na Boston tarehe 7 nayo. Hiyo wiki yote walikuwa wamewaka, si siku moja tu.

FundiMixa
Buffalo siibishii. Ila niambie "Morning Dew" gani ya wiki hiyo inaifikia ya Cornell. Jerry Garcia, mpiga gitaa la solo, pale mwisho anapiga noti za haraka haraka anapandisha anapandisha, bendi yote iko nyuma yake, kama wimbo ungeishia hapo tu ingetosha.

Msee wa Ngong Rd
Hiyo Dew nakupa. Hiyo pekee.

Kanda_Mbili
Wakuu asanteni sana. Nimeingia huko na ni yenyewe, Weir anaongea, halafu Scarlet, halafu Fire. Nimejaribu za watazamaji tatu mpaka sasa, moja ipo karibu sana na ninayoikumbuka ila spidi yake naona kama iko juu kidogo, au kanda ya binamu ndo ilikuwa inavuta, ile deki yao ilikuwa imechoka. Kukatika nakumbuka ilikuwa ndani ya Fire, tunageuza kwa mbio. Swali la mwisho, hizi FLAC simu yangu inazikataa nifanyeje?

mama_vinyl
Weka VLC, app ya kuchezea muziki na video. Na Buffalo ishushe usiku kama una bando la usiku, usimsikilize FundiMixa.

FundiMixa
Mimi nimesema nini jamani, nimesema siibishii.