Tupeane uzoefu: hewa ya Nairobi wakati wa kafyu ya korona ya 2020

Mzee wa Umoja
Leo nimekwama Mombasa Road nyuma ya lori linatema moshi mweusi tii, nikakumbuka Aprili 2020. Jiji limefungwa, matatu ya abiria 14 inabeba 8. Nikipanda juu ya ploti asubuhi, Mlima Kenya ule pale, mpaka theluji. Wenzangu mliona nini?

Njiwa Mweusi
Zile picha za mlima zilizosambaa mtandaoni wakati huo, mimi niliona kama za kompyuta. Mlima uko zaidi ya kilomita 100.

Mzee wa Umoja
Mimi nazungumzia macho, wewe unaniletea picha. Mvua ikinyesha usiku, alfajiri unaonekana hata siku hizi.

Njiwa Mweusi
Sasa umejijibu. Aprili ni masika, vumbi lilioshwa na mvua. Lokidauni inaingilia wapi?

Nyanya Dandora
Hewa safi mliivuta nyinyi. Huku jaa liliendelea kuwaka, halikujua kafyu.

Mama Wawili
Mnabishania mlima, mimi mwezi huo nusura nizike. Tulikuwa chumba kimoja, mlango kwa mlango. Kazi hakuna, shule zimefungwa, kila mtu yuko nyumbani na kila mtu anapika na makaa koridoni, kwa sababu mafuta ya taa hayashikiki. Barabarani hewa safi, ndani macho yanawasha kutwa. Kifungua mimba wangu ana pumu. Usiku mmoja dawa ya kuvuta ikaisha, kifua kikaanza kupiga filimbi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Kafyu ilianza saa moja, bodaboda wote wamezima simu. Baba mwenye nyumba akatoa pikapu yake. Kwenye kizuizi cha barabarani polisi akaja na rungu, akamulika mtoto, akasikia vile anavyopumua. Hakuuliza kitu, akasogeza chuma mwenyewe. Kliniki wakamwekea mashine mpaka alfajiri.

Kaka Mkuu
Pole sana mama. Hata kwetu moshi ulihamia ndani.

Daladala Mbovu
Poleni majirani. Sisi Dar hatukufungiwa, moshi tuliuvuta wote, wa daladala na wa mkaa 😂

Fundi Bomba
Dada, nunua gesi, achana na makaa.

Kaka Mkuu
Gesi ipi? Ile iliyowahi kurudishiwa kodi ya VAT ya asilimia 16 Julai 2021? Apikie nje.

Nyanya Dandora
Nje ndiyo hiyo koridoni. Na mtaro wetu ulizibwa na barakoa, mvua ikaja na kinyesi mlangoni. Hilo mbona hamlisemi?

Fundi Bomba
Mama Wawili, kijana anaendeleaje?

Mama Wawili
Anacheza mpira sasa. Jirani bado anapikia palepale, mimi ndiye nilihama.

Njiwa Mweusi
Mzee, weka picha ya mlima yenye tarehe.

Mzee wa Umoja
Simu ile iliibiwa kwenye matatu.

Njiwa Mweusi
Nilijua tu.