Mnaosambaza tetesi za Epic kuja Linux, njooni hapa na chanzo chenu

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Mods naomba huu uzi usiunganishwe na ule wa kubishania Linux na Windows ipi kali. Haya ni malalamiko.

Kuna tetesi imerudi tena kwenye magrupu. Eti Epic Games, kampuni ya gemu, wanaleta duka lao rasmi la gemu kwenye Linux, ule mfumo wa bure unaowekwa kwenye kompyuta badala ya Windows, wakija wanakuja na gemu lao la Fortnite, halafu gemu la mpira la kampuni ya EA linafuata nyuma. Ukiuliza chanzo unatupiwa skrinishoti. Imekatwa juu, imekatwa chini, haina tarehe, haina anwani ya tovuti, na nembo ya Epic imevutwa upande mpaka imepinda. Ukisema hii mbona kama imetengenezwa, unaambiwa wewe mshamba, mambo yanabadilika.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Mtwara mjini, upande wa Chikongola. Wateja wangu ni wanachuo, walimu, na vijana ambao wazee wao wakishalipwa za korosho ndio wanaletewa laptopu ya mtumba kutoka Kariakoo. Hizo laptopu mnazijua: Core i5 za kizazi cha 4, cha 6, ikizidi sana cha 7. Windows 11 haizitambui rasmi, kwa Intel wao wanaanzia kizazi cha 8. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo watu wanatafuta pa kukimbilia, na wengi nawapigia Linux Mint mimi mwenyewe, mashine inakuwa nyepesi, mtu anaandika kazi zake, anaangalia muvi, maisha yanaendelea. Sina ugomvi na Linux hata kidogo. Naitumia.

Kilichonichefua ni hiki. Amekuja kijana wa Tandahimba, yuko chuo, amebeba laptopu kwenye mfuko wa rambo, chaja imefungwa utepe mweusi shingoni. "Shikamoo kaka. Eti hii Epic ya Linux naishushia wapi?" Namuuliza nani kakupigia hii Linux. Fundi mmoja wa huko njiani, simtaji. Kamwambia Epic inaingia Linux mwezi ujao, ajiandae mapema kabla foleni haijawa kubwa (foleni ya nini, sijui), akachukua hela yake, akafuta diski nzima. Hakubakiza hata sehemu ya mafaili. Hakuuliza kuna nini ndani. Ndani kulikuwa na ripoti ya fildi.

Nimekaa na ile diski kutwa nzima. Ile programu ya kufukua mafaili inakurudishia vitu, lakini majina yanakuwa yamepotea, unabaki na namba tupu. Kwa hiyo tunafungua moja moja, yeye kanikalia begani. Picha za harusi ya dada yake, zimo. Nyimbo, zimo. Notisi za mwaka wa kwanza ambazo hazihitaji tena, zimo zote. Ripoti ikaja mwishoni, nikaibofya, ikasema faili limeharibika. Hakusema kitu. Akatoa simu akanionyesha skrinishoti, ile ile ya nembo iliyopinda, kama vile mimi ndiye wa kuithibitisha.

Sasa najua mtakachojibu, maana nimeshajibiwa hivyo hivyo kwenye grupu: "Mkuu, hata Steam ilianza kama tetesi, na leo iko wapi?"

Haya, tuongee Steam basi, lile duka la gemu la kampuni ya Valve. Mwaka 2010 Steam ilipoingia kwenye Mac, watu walichokonoa mafaili wakakuta dalili za Linux, tetesi zikawaka dunia nzima. Mwaka huo huo mwezi wa 8 Valve wakasema hakuna toleo la Linux wanalolifanyia kazi. Waliofuta Windows kwa ile tetesi walikaa wanatazama skrini. Habari ya kweli ilikuja Julai 2012, na aliyeisema ni Valve, kwa mdomo wao, kwamba wana timu inayofanya kazi kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, na gemu la kuanzia ni Left 4 Dead 2. Novemba ikaja ya majaribio, 14 Februari 2013 ikatoka rasmi. Na sababu ilikuwa wazi. Gabe Newell, bosi wa Valve, mwezi ule ule wa Julai aliita Windows 8 janga, maana Microsoft walikuwa wanakuja na duka lao ndani ya mfumo wao, na yeye anauza gemu juu ya mfumo wa watu. Alihitaji pa kuhamia. Ndio maana hawakuishia hapo: 2018 wakaleta Proton, ile inayofanya gemu la Windows lifunguke kwenye Linux, na 2022 wakatoa Steam Deck, mashine ya gemu ya kushika mkononi ambayo ndani yake ni Linux. Huo ni mtaji ambao mtu ameumwaga miaka kumi. Tetesi haikuchangia hata senti.

Epic mnawapa sababu gani? Tuangalie walichofanya, tuache wanachodhaniwa. Gemu la Rocket League lilikuwa na toleo la Linux. Epic walipoinunua studio yake mwaka 2019, haikufika mbali, Machi 2020 toleo la Linux likaachwa kuhudumiwa. Februari 2022, Steam Deck inatoka, Tim Sweeney bosi wao akaulizwa kuhusu Fortnite, akasema hawana mpango huo, anahofia wanaochiti. Na hapa ndipo panaponichekesha: Easy Anti-Cheat, mojawapo ya programu zinazokamata wanaochiti ndani ya Fortnite, ni mali ya Epic wenyewe, na tangu Septemba 2021 inaweza kufanya kazi kwenye Linux kupitia Proton. Kinachotakiwa ni mwenye gemu kukubali. Chombo ni chao, gemu ni lao, na hawajakubali. Sasa nyie mnaona duka likija ndio litabadilisha nini?

Hilo ndilo watu hawaelewi na ndilo mlilopaswa kuwaeleza badala ya kusambaza picha. Duka sio tatizo. Duka la Epic kwenye Linux unalifikia leo hii kwa Heroic, programu ya bure ya watu wa kujitolea. Unaingiza akaunti yako, gemu ulizochukua bure zote unaziona. Wale mliowahi gemu la GTA V Epic walipoigawa bure Mei 2020, ile hadithi yake unaicheza kwenye Linux kwa Heroic na Proton, kama mashine inaimudu. Ila ukitaka kuingia mtandaoni na wenzako, imefungwa tangu Septemba 2024, wenye gemu walipoweka BattlEye, nayo programu ya kukamata wanaochiti, na hawakuiruhusu kwa watu wa Proton. Proton inatafsiri maombi ya gemu, gemu linadhani liko kwenye Windows, sawa. Lakini hawa walinzi wengine wa kukamata wanaochiti wanataka kukaa ndani kabisa kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Windows, na kerneli hiyo kwenye Linux haipo. Huwezi kumtafsiria.

Na EA ndio usiseme. Gemu lao la Apex Legends lilikuwa linachezeka kwenye Linux. Mwezi wa 10 mwaka 2024 wakawafungia watu wa Linux wote, wakasema wanaochiti wamezidi upande huo. Gemu lao la mpira lina mlinzi wao wenyewe wa aina hiyo hiyo. Kampuni imetoka kufunga mlango mbele ya macho yenu, halafu mnaniambia hao hao wanawaletea mpira mwezi ujao?

Tena lile gemu la mpira linataka nafasi ya GB 100. Mtu wa Dar mwenye waya wa faiba ndani anaweza kujaribu, likikataa akafuta, akaenda kula. Huku kwetu kijana anavizia bando la usiku, anaamka saa nane, anaweka simu dirishani ishike mtandao, anashusha kidogo kidogo mpaka shingo inakakamaa. Mwisho wa siku anakutana na kisanduku cha maneno kinachomwambia haiwezekani.

Ongezea na hili ambalo hakuna tetesi inayolitaja. Proton siku hizi inategemea Vulkan, njia ya gemu kuongea na chipu ya picha, tena toleo la 1.3, kwa gemu nyingi za DirectX, ambayo ni njia kama hiyo ya Windows. Kile kizazi cha 4 cha Intel ambacho ndio kimejaa Mtwara na Lindi, Vulkan yake haijakamilika. Kwa hiyo hata Epic waje kesho kwa matarumbeta, nusu ya laptopu zinazopita mezani kwangu hazitafungua kitu cha maana. Angalau kizazi cha 6 unaanza kuongea, na hapo bado ni gemu nyepesi.

Sisi watu wa Kusini mngetakiwa mtuonee huruma kwenye habari za "inakuja". Mnakumbuka viwanja vya Lindi vilivyopanda bei kwa ahadi ya mtambo wa gesi wa Likong'o? Waliouza kwa maneno walikula. Waliokopa kununua bado wanafyeka majani. Mtwara kuchele, wakuu, lakini sio kwa skrinishoti.

Kuna mmoja ataniambia nawavunja vijana moyo. Sijamvunja mtu moyo. Kijana akija anataka gemu kwenye Linux namuuliza gemu gani, tunaingia ProtonDB pamoja, tovuti ambayo watu wanaeleza gemu gani linafunguka kwa Proton, anasoma walioicheza wanasemaje na mashine zao zikoje, halafu anaamua. Mara nyingine namwambia abaki na Windows yake ya zamani pembeni, tunagawa diski, upande mmoja wa masomo upande mmoja wa mpira. Kazi ya robo saa. Yule fundi ilimshinda nini?

Sasa wewe uliyeianzisha kwenye grupu la mafundi wa Kusini, unajijua, na najua uko humu maana nakuona unavyochangia. Weka kiungo kizima hapa, chenye tarehe na jina la tovuti, watu wasome wenyewe. Sitaki "nimesikia", sitaki "jamaa yangu yuko ndani". Na fundi uliyefuta ile diski, rudisha hela ya kijana kabla chuo hakijafungua. Namba yake ya simu unayo.