LVM-thin, ZFS au qcow2: ipi inafaa seva ya nyumbani isiyozimika vizuri?

kijana_wa_tabata

Wakuu, habari za jioni. Nina seva ya Proxmox nyumbani (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja), kompyuta ndogo ya mtumba niliyoichukua Kariakoo. RAM ni GB 16, ndani kuna NVMe (SSD ya kasi) moja ya GB 500, na nje nimechomeka diski ya USB ya TB 2 kwa ajili ya bakapu. Inabeba mashine pepe tatu: Windows yenye hesabu za duka la mama, ya pili inatunza mafaili ya familia na kuyagawa mtandaoni kwa NFS, ya tatu ni Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani). Kuna na kontena mbili ndogo, yaani mifumo myepesi inayotumia kiini cha seva yenyewe.

Shida ni mbili. Tangu wiki iliyopita Windows inaganda katikati ya kazi. Kwenye ukurasa wa Proxmox inatokea pembetatu ya njano na neno "io-error". Nikibonyeza Resume inaamka dakika chache, inaganda tena. Ya pili, nikiizima seva haizimiki. Inakaa dakika sita, saba, skrini imeandika "A stop job is running", mwisho nashikilia kitufe hadi inakufa. Umeme ukikatika ndiyo basi, UPS yangu (betri ya akiba) ya VA 650 inaishiwa kabla seva haijamaliza.

Jamaa mmoja kazini ananiambia nifute kila kitu nihamie ZFS, mfumo wa hifadhi unaojikagua data wenyewe. Mwingine anasema qcow2 (diski ya mashine iliyo faili) juu ya ext4 (mfumo wa kawaida wa mafaili wa Linux) haina makuu. Kwa sasa niko kwenye LVM-thin, ile ya kugawia mashine vipande vya diski inayokuja yenyewe ukisakinisha. Naomba ulinganisho kwa mliozitumia. Mama anafunga hesabu tarehe 30, sitaki kazi yake ipotee mikononi mwangu.

binti_raskazone

Pole sana mkuu. Usifute chochote kwanza. Tuwekee matokeo ya `lvs -a` (nafasi ya LVM), `df -h` (nafasi ya mafaili) na `smartctl -a /dev/nvme0` (afya ya diski). Tukishayaona ndipo tulinganishe, maana ukihamia ZFS na tatizo lile lile mfukoni utalikuta huko huko.

kijana_wa_tabata

Asante dada. Kwa kifupi: hifadhi ya `data` ina takriban GB 337, safu ya Data% inasoma 100.00, Meta% ni 4 na kitu. Root (sehemu ya mfumo wenyewe) ina GB 94, zimetumika 89. Kwenye smartctl, Percentage Used ni 38% na Unsafe Shutdowns ni 61.

Diski nilizozigawia mashine: Windows 200, mafaili 250, Home Assistant 32, kontena 8 na 16. Windows ina snapshoti (picha za hali ya diski za kurudia) tatu, ya zamani kabisa ni ya mwezi wa pili.

binti_raskazone

Jibu la shida ya kwanza liko hapo. Jumlisha: 200, 250, 32, 8 na 16 ni GB 506, na wewe unazo 337. LVM-thin haikukatalii, kwa sababu haitoi nafasi hadi mashine iandike kweli. Ni mwenye nyumba aliyepokea kodi ya wapangaji watano akiwa na vyumba vitatu. Mambo yanakwenda hadi siku wote wanapofika na mizigo. Nafasi ikiisha, maandishi yanasubiri kama sekunde 60, kisha yanarudishwa na kosa, na QEMU (injini inayoendesha mashine pepe) inaisimamisha mashine isije ikaharibu mafaili. Kwa hiyo io-error yako si lazima diski iwe mbovu. 38% ni NVMe iliyotumika, bado haijafa.

Fuata mpangilio huu. Zima Windows. Futa snapshoti mbili za zamani, nafasi itarudi papo hapo, kwa sababu snapshoti inashikilia kila kipande kilichobadilika tangu ulipoipiga. Halafu fungua mipangilio ya diski za mashine zako, weka tiki kwenye Discard, hakikisha ziko kwenye VirtIO SCSI (aina ya kidhibiti cha diski). Zima mashine kabisa na uiwashe kupitia Proxmox. Ukiiwasha upya kwa ndani tu, badiliko hilo halishiki. Kwenye Linux piga `fstrim -av`, kwenye kontena piga `pct fstrim` na namba yake ukiwa kwenye seva yenyewe, na Windows ina Optimize Drives. Bila hivyo, faili ukilifuta ndani ya mashine, LVM haijui kama limefutwa.

mzee_kizingo

Mwanangu, mimi nimeshangaa root. Proxmox peke yake haili hata GB 10. Hizo 89 zimetoka wapi? Piga `findmnt /mnt/bakapu`, au njia yoyote uliyoipa ile diski ya USB. Ikirudi kimya bila kuandika kitu, basi diski haijapachikwa, na bakapu zako zimekuwa zikiingia kwenye folda tupu iliyo juu ya root.

kijana_wa_tabata

Mzee wangu, shikamoo. Imerudi kimya. `du -sh /mnt/bakapu` inasema GB 81. Umeme ulikatika Jumapili ile, seva ikawaka, kumbe USB haikurudi. Kila usiku imekuwa ikiandika bakapu za mashine kwenye NVMe ile ile inayobeba hizo mashine.

mzee_kizingo

Marahaba. Mtego huu uliwahi kunikamata mimi mwenyewe hapa Mombasa. Nilipogutuka, root ilikuwa imejaa hadi ukurasa wa Proxmox ukawa unakataa nenosiri sahihi. Nilibadilisha nenosiri mara tatu nikidhani nimesahau.

Pachika USB mahali pengine kwanza, tuseme `/mnt/muda`, hamishia bakapu huko, hakikisha zimefika zote, ndipo uirudishe mahali pake. Kisha `pvesm set bakapu --is_mountpoint yes`, ukiweka jina la hifadhi yako. Baada ya hapo, diski isipokuwepo Proxmox itagoma kuandika na bakapu itaonyesha kosa jekundu. Unalitaka hilo kosa. Kwenye fstab (orodha ya diski za kupachikwa) ongeza `nofail` ili diski ikikosekana seva isikwame wakati wa kuwaka.

Sasa ulinganisho uliouomba. Mimi ni mtu wa ZFS na sifichi. Kila kipande cha data kina alama yake ya ukaguzi, na ukiwa na diski mbili pacha, kipande kikiharibika kwenye moja kinarekebishwa kutoka kwa nyingine. Umeme ukikatika ghafla inarudi kwenye hali kamili ya mwisho iliyoandikwa. Kwa kawaida inakusanya maandishi kwa sekunde 5 hivi, kwa hiyo unaweza kupoteza sekunde hizo za maandishi ya kawaida, lakini muundo wa hifadhi haubaki nusunusu. Nimelala usingizi tangu nilipohamia.

fundi_sakina

Nakuheshimu mzee wangu, ila kwa kifaa cha kijana huyu sikubaliani. Ana diski moja. ZFS ya diski moja inakuambia data imeharibika, lakini haina pacha wa kurekebishia. Na ana RAM GB 16. Usakinishaji wa zamani wa Proxmox uliacha akiba ya ZFS ichukue hadi nusu ya RAM. Kuanzia 8.1 usakinishaji mpya unaipa 10% tu, na ukiwa na mfumo wa zamani unaweka `zfs_arc_max` mwenyewe. Lililo zito zaidi ni NVMe za kawaida. Nyingi hazina kapasita za kulinda maandishi umeme ukikatika, kwa hiyo programu ikiomba maandishi yathibitishwe papo hapo, kama hifadhidata ya duka inavyofanya, kasi inaporomoka na diski inachakaa haraka. Nimeona mtu Njiro akibadilisha SSD mara mbili.

Tena kujaa hakuponywi na ZFS. Ukitiki Thin provision utaahidi kupita uwezo vile vile, na ZFS ikivuka 80% inaanza kuchoka.

mzee_kizingo

Kwa diski moja nakubali, fundi. Akitaka ZFS anunue SSD mbili za mtumba za daraja la seva, mfano Intel DC S3500 au Samsung PM863, zina kapasita hizo. Ila kompyuta yake ndogo sijui kama ina nafasi mbili za SATA. Na asije akaweka ZFS kwenye USB. Kebo ikicheza kidogo hifadhi nzima inasimama.

binti_raskazone

Kuhusu qcow2, mimi naitumia kazini kwenye seva moja. Uzuri wake ni kwamba diski ya mashine ni faili tu. Unalinakili, unalipeleka kwingine, linafunguka. Kwa anayehamisha mashine mara kwa mara ni raha. Lakini kufuta snapshoti ya faili kubwa kunachukua muda, na kontena kwenye hifadhi ya folda hazipati snapshoti kabisa. Na ext4 ikijaa, io-error ni ile ile. Kwa kijana sioni sababu ya kuhama.

fundi_sakina

Turudi kwenye kuzima, maana hiyo 61 ya Unsafe Shutdowns inaniuma kuliko aina ya hifadhi. Ni mara ambazo NVMe imekatiwa umeme bila kuagwa. Maswali mawili. Ile NFS ya mafaili ya familia, umeiongeza pia kwenye Datacenter, Storage, ya Proxmox yenyewe? Na Windows, umetiki QEMU Guest Agent (programu ndogo ya ndani ya mashine inayopokea maagizo ya Proxmox) bila kuisakinisha ndani?

kijana_wa_tabata

Yote mawili ndiyo, fundi. NFS niliiongeza ili niweke ISO (mafaili ya usakinishaji). Agent nilitiki kwa sababu nilisoma ni nzuri, ndani ya Windows sijasakinisha kitu.

fundi_sakina

Basi hizo ndizo dakika zako saba. Ukitiki agent, Proxmox inatuma ombi la kuzima kwa agent, haibonyezi kile kitufe cha kawaida cha umeme. Hakuna wa kujibu, inasubiri hadi muda uishe, na kwa mashine pepe muda wa kawaida ni sekunde 180. Sakinisha agent kutoka ISO ya virtio-win au uondoe tiki.

NFS nayo ni kitanzi. Seva inazima mashine zote kwanza, ikiwemo ile ya mafaili. Kisha inataka kuiachia NFS, lakini aliyekuwa akiitoa ameshazimwa, ikabaki inamgongea maiti mlango. Iondoe kwenye Storage, ISO zihamie `local`, hifadhi ya seva yenyewe. Kanuni yangu ni kwamba seva isitegemee kitu kinachoishi ndani yake.

Kisha weka mpangilio. Mashine ya mafaili `order=1`, Windows `order=2`. Zinawaka kwa namba hizo na kuzimika kinyume chake, kwa hiyo Windows itafunga mafaili yake wakati mwenye mafaili yupo hai.

mwana_nyali

UPS je? Mimi niliacha UPS, nikaweka inveta na betri ya lithiamu ya Ah 100, ile ya volti 12.8. Hiyo ni Wh 1,280, seva na ruta zinakesha. Kwa nini ahangaike na kuzima?

fundi_sakina

Ni nzuri ukiwa na hela, na kwa joto la pwani lithiamu inavumilia kuliko zile za risasi. Angalia tu inveta iwe kwenye hali ya UPS, inayobadili ndani ya milisekunde 10 hivi. Kwenye hali ya vifaa vya nyumbani huchukua hadi 20, wakati pawa sapulai nyingi za kompyuta zimetengenezwa kuhimili 16 au 17. Zinapona kwa bahati. Na siku betri ikiisha kweli, inveta nyingi za majumbani hazimwambii mtu. Kuzima vizuri bado kunahitajika.

Kijana, UPS yako ina betri ya volti 12, Ah 7, yaani Wh 84 ikiwa mpya. Ondoa skrini kwenye UPS, ibaki seva na ruta. Sakinisha NUT (programu inayoisikiliza UPS) kwenye Proxmox yenyewe, usiiweke ndani ya mashine pepe. Usisubiri UPS iseme betri imeisha, maana betri iliyochoka inadanganya: inasema 60% halafu inazima ghafla. Tumia upssched, kipima muda cha NUT, `AT ONBATT * START-TIMER zima 120`, na umeme ukirudi `AT ONLINE * CANCEL-TIMER zima`. Dakika mbili zikipita, seva inajizima.

Kuna mtego mmoja. Umeme ukirudi wakati seva imeshaanza kuzimika, UPS haikati, kwa hiyo kompyuta haioni umeme ukirudi na haiwaki tena. Weka POWERDOWNFLAG ili NUT iiamuru UPS ikate mwishoni na kuwasha upya, na kwenye BIOS weka After Power Loss iwe Power On.

kijana_wa_tabata

Wakuu, narudi na mrejesho. Bakapu zimehamia USB na is_mountpoint imewekwa. Snapshoti mbili zimefutwa, discard na fstrim zimepita, Data% imeshuka hadi 58. Diski ya mafaili sijaweza kuipunguza kutoka 250, kwa hiyo nimeweka tahadhari inayonitumia barua pepe Data% ikifika 80. Nabaki na LVM-thin.

Jumamosi saa kumi jioni, baada ya kuchukua bakapu mpya, nilichomoa UPS ukutani nikakaa na saa mkononi. Dakika mbili za kusubiri, kisha kuzima kukachukua sekunde 74. Windows ilikuwa ya kwanza kuondoka, ya mafaili ya mwisho. UPS ikajizima yenyewe, kimya. Niliporudisha waya seva ikawaka bila kuguswa, na mama akafungua hesabu zake pale pale alipoziacha.

binti_raskazone

Hongera. Na Unsafe Shutdowns?

kijana_wa_tabata

Nimeangalia sasa hivi, dada. Bado 61.