Mjadala: Majengo ya WPA, shirika la serikali lililoajiri wasio na kazi miaka ya 1930, bado yamesimama Marekani. Je, huo ni ushahidi kwamba mpango ulifanikiwa?

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Kila ukizuka ubishi kuhusu serikali kuajiri wasio na kazi, lazima atokee mtu wa kuitaja Marekani ya miaka ya 1930. Rais Roosevelt aliwapa watu makoleo, wakajenga madaraja, shule na viwanja vya ndege, na vingi vinatumika mpaka leo, kwa hiyo hoja imeisha. Mimi nabisha. Mpango wenyewe nauona ulikuwa wa lazima, maana mwaka 1933 karibu robo ya nguvukazi ya nchi ile haikuwa na kazi. Ninachokataa ni kuupima kwa majengo.

Watu huchanganya mashirika mawili ya serikali ya Roosevelt. PWA, iliyoanza 1933 chini ya Harold Ickes, ilitoa fedha za miradi mikubwa iliyojengwa na wakandarasi binafsi kwa zabuni, kama daraja la Triborough pale New York. Ickes alikuwa mkaguzi wa kila senti, na fedha zilitoka polepole. WPA ya Harry Hopkins, iliyoanza 1935, yenyewe ndiyo iliyokuwa mwajiri na ilichukua watu waliokuwa tayari wanaishi kwa msaada. Hopkins alitaka mshahara ufike nyumbani kwanza. Mpaka inafungwa 1943, watu wapatao milioni 8.5 walikuwa wamepita humo.

Mwajiri wa namna hiyo huchagua kazi inayokula mikono mingi na mashine chache: barabara za vijijini, mitaro, njia za miguu. Na vyoo! WPA ilijenga vyoo vya nje zaidi ya milioni 2, sehemu kubwa vijijini, wakati safura, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na kinyesi, ilikuwa bado inawasumbua watu wa majimbo ya kusini. Nadhani hiyo ni miongoni mwa kazi zake bora kabisa, na hakuna mtalii anayekwenda kupiga picha choo cha mwaka 1937. Kilichookoa afya za watu kimeoza na kufukiwa. Kinachosifiwa ni hoteli na viwanja vya burudani. Sasa tunapima nini?

Fundi Mstaafu
Kijana, umeandika vizuri lakini hujawahi kubeba zege. Jengo ni ushahidi, tena mzuri. Nenda kasome habari za Timberline Lodge, hoteli iliyoko mlimani Mount Hood, Oregon, iliyojengwa na WPA kati ya 1936 na 1938. Nguzo za ngazi zilichongwa kutoka milingoti chakavu ya simu, vyuma vya mekoni vikafuliwa kutoka reli za zamani, na mazulia yakatengenezwa kwa mablanketi yaliyochakaa. Mafundi wa mawe na wahunzi wazoefu walifanya kazi bega kwa bega na watu ambao hawakuwa na ujuzi wowote. Waliotoka pale walitoka na ujuzi mkononi. Mtu wa kulipwa tu, bila kudaiwa ubora, asingekuachia ukuta kama ule.

Magazeti ya wakati ule yaliwakejeli kwamba kazi yao ni kuegemea makoleo. Ukuta ule ndio jibu lao.

Mpita Njia
Msisahau na bwawa la Hoover Dam, kazi nyingine ya Roosevelt.

Mleta mada
Mkuu, bwawa lile lilianza kujengwa 1931, Hoover akiwa bado rais. Lilikamilika tu enzi za Roosevelt. Huu ndio ugonjwa ninaousema: kila zege la miaka ile anapewa mtu mmoja.

Mhasibu wa Mtaa
Wote wawili mnakwepa swali la fedha. WPA ilikula takriban dola bilioni 11. Mwaka 1938, miaka mitano baada ya Roosevelt kuingia madarakani, ukosefu wa ajira ulikuwa umepanda tena hadi karibu asilimia 19. Kilichomaliza tatizo ni vita, na WPA ilifungwa kwa sababu viwanda vya silaha vilikuwa vinagombania watu. Halafu kuna siasa. Uchaguzi wa 1938 ulijaa tuhuma kwamba wafanyakazi wa WPA wanasukumwa kumpigia fulani kura, hasa Kentucky, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya Hatch ya kuwazuia watumishi wa serikali kuu kufanya kampeni. Mnaosema turudie mfano huo mjibu na hilo.

Mleta mada
Hilo la siasa nakupa. Takwimu hapana. Ile asilimia 19 inawahesabu waliokuwa kazini WPA kuwa hawana kazi. Mtu anaamka alfajiri, anachimba mtaro, analipwa mwisho wa mwezi, kisha kitabuni anaandikwa hana ajira! Tena anguko la 1937 na 1938 lilikuja baada ya serikali kubana matumizi, mkuu, kwa hiyo linakusaidia kidogo sana.

Binti Pangani
Naona mnabishana juu ya mawe na asilimia. Mimi nauliza nani aliandikishwa. WPA kwa kawaida ilichukua mtu mmoja kwa kila kaya, na huyo mmoja mara nyingi alikuwa baba. Wanawake waliopata nafasi wengi walipelekwa vyumba vya kushona. CCC, mpango mwingine wa Roosevelt, ule wa vijana waliopanda miti zaidi ya bilioni 3, haikupokea wanawake, na kambi za Weusi zilitengwa na za Weupe. Kule kusini, msimu wa kuvuna pamba ulipofika, miradi ilisimamishwa ili Weusi warudi mashambani kwa ujira wa chini zaidi. Na fundi wetu anayependa zege alitazame bwawa la Grand Coulee, jimbo la Washington, nalo la enzi zilezile: lilizamisha maporomoko ya Kettle Falls na kuziba njia ya samaki, kisha makabila ya Colville, wenyeji wa asili wa pale, yakabaki bila samaki wao wa samoni. Jengo limesimama, ndiyo. Limesimama juu ya chakula cha watu.

Mdau wa Denver
Dada, yote kweli. Ila kijana wa CCC alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kama 25 zilitumwa moja kwa moja kwa wazazi. Huku kwetu walijenga ukumbi wa wazi wa Red Rocks, katikati ya miamba, ukafunguliwa 1941. Bado unajaa watu. Kwa wazee waliokula kwa zile dola 25, ubishi huu ungewachekesha.

Mleta mada
Mdau, zile dola 25 ndiyo hoja yangu tangu mwanzo. Nawe mzee wangu Fundi, Timberline yako ilifungwa 1955 kwa kushindwa kulipa bili ya umeme. Imesimama leo kwa sababu alipatikana mwendeshaji mwingine akaifufua. Majengo mengine ya WPA hayakumpata mtu kama huyo, yakabomolewa, ingawa huenda yalijengwa na mikono ileile.

Fundi Mstaafu
Umeme ulikatwa. Ukuta haukuanguka. Usichanganye kazi ya mwashi na kazi ya meneja.