Seva sita, seva mbili za mashine pepe, au wingu: ipi nafuu?

Mhasibu_Moro: Wakuu, habari za kazi. Ofisi yetu ina seva sita: uhasibu, hifadhidata yake, faili, barua pepe, mahudhurio na moja ya majaribio. Zimechoka. Juzi usiku, ofisi ikiwa tupu, nilichomeka mita ya plagi kwenye ile ya mahudhurio nikakuta inakula wati 140. Bosi anataka ulinganisho: tununue sita nyingine, tununue mbili kubwa tuzigawe kwa mashine pepe (yaani seva za kiprogramu, kadhaa ndani ya seva moja halisi), au twende wingu, yaani tukodi seva za watu kupitia intaneti?

Fundi_Kipara: Mkuu, mita imeshakupa nusu ya jibu. Seva ikikaa bure bado inaweza kula karibu nusu ya umeme inaokula ikielemewa. Tuseme wastani ni wati 200: seva sita zinamaliza uniti 10,512 kwa mwaka. Mbili za wati 300, uniti 5,256. Na hapo kiyoyozi bado, maana umeme wote unaoingia kwenye seva unatoka kama joto, na kulitoa hilo joto unalipia tena.

Ila usije ukanunua moja! Ziwe mbili, kila moja na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kubeba mashine zote sita peke yake. Moja ikifa, nyingine inapokea.

Neema_TEHAMA: Mbona hamjagusa leseni? Hapo ndipo watu wanapoumia. Windows Server Standard, mfumo endeshi wa seva wa Microsoft, ukishalipia viini vyote vya prosesa (sehemu zake zinazochakata kazi), inakuruhusu mashine pepe mbili tu. Ukitaka sita, unalipia viini vilevile mara tatu. Na kama mashine zinaweza kuhamia seva ya pili, nayo uilipie hivyo hivyo. VMware, programu maarufu ya kuendesha mashine pepe, tangu kampuni ya Broadcom iinunue Novemba 2023, imeacha kuuza leseni za kudumu, ni kulipia kwa kipindi. Kwa ofisi kama yenu ningeweka Proxmox: nayo inaendesha mashine pepe, ila ni programu huria, unalipa ukitaka msaada wao. Windows ibaki kwa uhasibu na hifadhidata, zilizobaki zipeleke Linux, mfumo endeshi huria, kama mifumo yake inakubali.

Baharia_Tanga: Sisi tuko wingu kwa sababu matawi yametawanyika mikoani. Seva hununui, lakini bili inakuja kwa dola kila mwezi, na intaneti ikikata kaunta zinasimama. Watumiaji wakiwa jengo moja, naungana na Fundi. Wingu liwe la nakala rudufu.

Mti_Mkavu: Kwenye mazingira, tazameni jenereta. Gridi yetu inategemea sana maji na gesi asilia, lakini kila lita ya dizeli inayoungua inatoa kama kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Mzigo ukishuka kutoka kilowati 1.2 hadi 0.6, UPS (betri ya akiba) ileile inadumu angalau mara mbili, kwa hiyo umeme ukikatika kidogo jenereta huiwashi kabisa. Pia kuna seva nne ambazo hazitatengenezwa. Hizo za zamani futa diski, wape wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali. Bodi za zamani zina madini ya risasi, dampo si mahali pake.

Mhasibu_Moro: Asanteni sana. Napeleka seva mbili na Proxmox. Tunahamaje bila kusimamisha uhasibu?

Fundi_Kipara: Anza na ya majaribio, kisha mahudhurio. Uhasibu na hifadhidata yake mwisho kabisa, wikiendi, mkishafunga mwezi. Ya zamani izime lakini usiiguse mpaka mfunge mwezi unaofuata na hesabu zikae sawa.