Nguzo ya zege ya darubini nyuma ya nyumba, naomba ushauri kabla sijamwaga

kijana_wa_nyota
Wakuu habari za muda huu. Niko Dodoma, nina darubini ya inchi 8 na maunti yake ya ikweta (kile kishikio chenye mhimili unaoelekezwa ncha ya anga ili kifuate nyota), nimechoka kubeba ile stendi ya miguu mitatu kila usiku. Juzi naangalia Zohali kwa ukuzaji wa mara 200, pete zimetulia safi, binti yangu akapita mbio kwenye baraza, Zohali ikatetemeka mpaka hamu ikaniisha. Sasa nataka nisimike nguzo ya zege moja kwa moja. Shida video zote ni za Wamarekani, wanachimba zaidi ya mita moja na nguzo nene kama shina la mbuyu. Kwangu udongo ni ule mweusi unaopasuka kiangazi. Nichimbe kiasi gani, na saruji mifuko mingapi?

fundi_zege
Wao wanachimba vile kwa sababu ardhi yao inaganda barafu na kunyanyua msingi, wewe barafu Dodoma utaitoa wapi. Adui wako ni huo udongo mweusi, mvua zikija unavimba, zikikata unasinyaa, nguzo inalala taratibu hata huoni. Chimba uupite mpaka ugonge changarawe. Ukiona hauishi toa mwingi, jaza moramu, shindilia kidogo kidogo usimwage yote kwa mkupuo.
Tuseme kitako cha sm 60 kwa 60 kina sm 90, juu yake nguzo ya mita 1 kwenye bomba la PVC la inchi 10, jumla haifiki hata mita za ujazo 0.4. Kwa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) mifuko 2 na nusu, nunua 3. Nondo nne za mm 12 na ringi zake, zianzie chini kwenye kitako zipande mpaka juu. Halafu mwambie fundi asizidishe maji, wanapenda zege la uji kwa sababu linamwagika rahisi. Mwagilia siku 7, darubini usiipandishe kabla ya mwezi.
Na ukija kusakafia pembeni acha upenyo wa sm 2 kuzunguka nguzo, sakafu ikigusa tu umerudi kulekule kwa binti na Zohali.

mzee_kivuli
Majirani watasema umezika mtu wima 😂

ikweta_nanyuki
Ndugu ngoja kwanza usimwage. Mimi niko Nanyuki hapa kwa laini ya ikweta, hiyo nguzo nene nilijenga na nikajuta. Wazungu wako latitudo 40 au 50, mhimili wa maunti yao umeinuka juu, yako Dodoma ni kama digrii 6 tu, umelala, kwa hivyo chuma cha uzani kinashuka wima na vile vyuma vizito vinagonga ubavu wa nguzo. Yangu iligonga usiku wa kwanza, mota ikalia kama mbuzi. Nilienda kwa mtu wa welding anichomelee kipande cha bomba la inchi 4 na pleti mbili nikakifunga juu, ndio sasa vyuma vinapita. Angalia pia kama maunti yako inashuka hadi 6, zingine zinakwama kitu 15 hivi, hapo utahitaji pleti ya mteremko.

kijana_wa_nyota
Duh kaka umeniokoa, hilo sikuliona kwenye video hata moja. Na kulenga mhimili kusini je? Ncha ya anga yenyewe iko nyuma ya ukuta wa jirani.

ikweta_nanyuki
Hata ukuta ungetoka, nyota ya karibu na ncha ya kusini ni hafifu sana, utaisaka mpaka asubuhi. Chora mstari kwa kivuli cha kijiti kilichosimama wima, jua likifika juu kabisa. Dira ya simu wachana nayo, nondo zinaichanganya. Lakini usipime mwanzo wa Machi wala karibu tarehe 8 Oktoba, kwenu jua linapita utosini kivuli hakuna. Bolti za kushikia maunti zikikosea digrii moja mbili usijali, skrubu za maunti zitamaliza, halafu chagua nyota iliyo juu karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), uangalie inahamia wapi kwa dakika 5, ukaze na kulegeza mpaka itulie.

fundi_zege
Bolti zifunge kwenye kipande cha mbao chenye matundu ya pleti yako KABLA ya kumwaga. Ukizichomeka kwa macho utakuja hapa kulia.

kijana_wa_nyota
Sawa fundi. Jumamosi naanza na shimo, nikikuta changarawe natupia picha.