Naomba ushauri: kupima barafu ya kaboni dioksidi katika Wingu Kubwa la Magellan

Habari zenu wakuu. Nimekwama, naomba msaada wa wenye uzoefu na spektra za infraredi (mwanga wa infraredi uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi yake).

Nachunguza barafu inayozizunguka nyota changa katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani iliyo umbali wa miaka ya nuru kama 160,000. Kule elementi nzito ni karibu nusu tu ya zile za mtaa wetu wa Njia Nyeupe, na uwiano wa kaboni dioksidi kwa maji katika barafu umeonekana kuwa mkubwa kuliko wa huku. Ndilo jambo linalonivuta, nami nataka kulihakikisha kwa nyota moja moja.

Maji nayapima kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 3.05 kwa data za AKARI, darubini ya anga ya Japani. Shida ni kaboni dioksidi. Bonde lake la mikromita 15.2 (mahali barafu inapofyonza mwanga) katika data za Spitzer, darubini ya anga ya NASA, limebanwa kati ya alama za silikati (madini ya vumbi) za 9.7 na 18, kwa hiyo nikigusa kidogo tu mstari wa msingi (makadirio ya mwanga ungekuwaje bila barafu), jibu linaruka. Nimejaribu kuuchora mstari huo kwa polinomia ya daraja la 2, la 3, kisha splaini (mkunjo wa vipande vilivyounganishwa). Kila moja inanipa kiasi chake. Bonde la 4.27 la AKARI haliingiliwi na silikati, ila ni jembamba mno kwa kifaa kile, hivyo linatoka pana na lenye kina kidogo kuliko lilivyo.

Je, ningelitegemea bonde lipi? Na kama ni la 15.2, niziondoe silikati kwanza, au nichore mstari wa msingi kati ya 14 na 17 tu?